Uzito wa Fimbo Yangu

Jumatatu, 3 Juni 1974

Baridi. Upepo tangu alfajiri. Tumepanda Jiwe Bapa kabla jua halijatoka, wote tisa, miguu mitupu. Mapigo mia kwa mkono wa kulia, mia kwa wa kushoto. Kisha kusimama mguu mmoja mpaka jua litoke lote. Ndugu Sungi ameanguka tena. Miaka sita hapa na bado anaanguka, halafu anacheka. Uji wa uwele. Kisha mizinga. Asali kidogo sana, maua hayapo.

Mchana watu wanne wamepanda kutoka Mungaa kuomba ushauri. Wote wanne wameuliza Ndugu Mkumbo yuko wapi.

Nimewaonyesha. Nikarudi kupasua kuni. Nimepasua nyingi kuliko tunazohitaji.

Alhamisi, 6 Juni

Katibu wa chama amepanda kutukagua. Alitaka kujua dini yetu ni ipi, na kwa nini wanaume tisa wenye afya wanaishi juu ya majabali bila wake badala ya kuhamia kijijini kama wenzao. Mkuu wetu, Mzee Hango, alikuwa anakohoa, kwa hiyo nimejibu mimi.

Nimemwambia hapa Nyumba ya Majabali yuko Mwislamu, yuko Mkatoliki, yuko Mlutheri, na yuko Sungi ambaye hajaamua. Kazi zetu ni mbili, mkono na sikio. Mkono ni fimbo. Zamani za wizi wa ng'ombe ndugu wa majabali ndio waliolinda njia ya kisimani, na hawakuua mtu. Sikio ni kuwasikiliza watu na kuwashauri. Anayekalia kigoda cha mkuu lazima awe na vyote viwili.

Akauliza habari ya fimbo nzito, kumbe wamemsimulia. Nikamweleza sheria. Kabla ya kumnyanyulia ndugu yako fimbo, unatua. Unamwambia mbele ya wote ulichonacho moyoni juu yake. Yeye anajibu neno moja tu, nimesikia. Mnacheza, na neno limeisha. Kama huna neno unasema sina kitu. Ukisema sina kitu na kumbe unacho, fimbo yako inakuwa nzito kadiri ya hicho unachokificha. Kila mgeni hujaribu mwezi wa kwanza, kila mgeni huiangusha.

Katibu alicheka. Nikampa fimbo yangu nikamwambia aseme hana kitu juu ya mwenyekiti wake. Alisema. Ikabidi aishike kwa mikono miwili. Hakucheka tena.

Anatuita Ndugu kila baada ya maneno mawili. Siku hizi nchi nzima inaitana Ndugu. Sisi tulianza zamani, na ningeweza kumwambia kwamba jina peke yake halisaidii.

Alipokuwa anaondoka akaomba kuonana na yule Mnyiramba anayemaliza ugomvi wa viwanja. Yaani Mkumbo. Nimejibu maswali yake tangu asubuhi, na alichokifuata ni Mkumbo.

Jumapili, 16 Juni

Mzee Hango ametuambia leo. Kifua chake hakipandi tena mlima. Kabla ya mvua atashuka kwenye kigoda, na mmoja wetu atakalia.

Kigoda ni changu. Nimeiandika sentensi hii nione inavyosomeka. Inasomeka vizuri.

Niko hapa miaka kumi na minne. Hakuna anayenishinda fimbo, hata wawili kwa pamoja. Mkumbo amekuja juzi tu, miaka mitatu, kutoka Ulemo, alikuwa akichunga ng'ombe wa watu. Mkono wake mzito kama wa mtu aliyeamka usingizini. Lakini watu wanampenda. Sielewi. Mimi mtu akija naketi wima, namtazama machoni, nampa ushauri uliopangwa, la kwanza, la pili, la tatu. Mkumbo anachambua choroko. Mtu anaongea, yeye anatoa mawe kwenye choroko, mara moja moja anasema "enhe". Mwisho mtu analia, anajifuta, anashuka mlima kama aliyetuliwa gunia. Kwa enhe tu.

Kijiji chini kimejaa. Wamehamishwa kutoka kila upande, wamepangwa kwa mistari, jirani hamjui jirani. Kila siku ugomvi. Atakayekalia kigoda ndiye watakayemtegemea. Najua uzito wa jambo hili. Ndiyo maana linanifaa mimi.

Jumanne, 25 Juni

Mzee alitaka kushuka kijijini kumjulia hali mgonjwa. Nikasogea nimshike mkono, kama nilivyomshika miaka yote. Akasema, "Acha, Ntandu, pumzika. Mkumbo atanishika."

Waliteremka polepole wakizungumza. Mzee akacheka mara mbili. Mimi hajawahi kucheka nami njiani. Tulikuwa tunashuka kimya na niliamini ukimya ule ni heshima.

Naona wivu. Haya, nimeliandika. Labda kuliandika ni kutua pia.

Si kutua. Jioni nimepangwa kucheza na Mkumbo. Alianza yeye. "Ndugu Ntandu, jana ulimkemea Sungi kwa sababu ya chumvi, nikakuona mkali bure." Nikajibu nimesikia. Zamu yangu. Ndugu wote wametuzunguka, Mzee kwenye kigoda. Nikasema sina kitu.

Fimbo ikaongezeka uzito pale pale. Si mwingi. Kama jembe lenye tope. Niliinyanyua bila uso kubadilika. Hakuna aliyejua. Mimi si mgeni wa mwezi wa kwanza, mimi nina mikono.

Jumamosi, 6 Julai

Nimecheza na Mkumbo mara tatu wiki hii. Sina kitu, sina kitu, sina kitu. Sasa ni uzito wa ndoo iliyojaa maji. Bega linaniuma, usiku napaka mafuta ya nyonyo.

Na hili sikulitarajia: fimbo nzito inapiga vizuri. Ikishuka inashuka kweli. Ndugu wameanza kuacha mazoezi yao watazame. Leo Mzee amesema mapigo yangu yamekomaa. Miaka kumi na minne namngojea aseme hivyo, na ameusifia uongo wangu. Nimefurahi hata hivyo.

Fimbo ya Mkumbo imepasuka katikati. Alibaki akitazama viganja vyake.

Jumatano, 10 Julai

Mkumbo ameomba kusema mbele ya wote.

Fimbo mbili zikigongana, uzito unaingia mikononi mwa wote wawili. Anayecheza hawezi kujua unatoka upande gani. Anayejua ni yule tu aliyedanganya. Mkumbo amesema kila akicheza nami anasikia uzito mkubwa. Halafu akasema, "Ni wangu. Kuna kitu namficha Ndugu Ntandu, na sikijui. Naombeni mnivumilie nikitafute."

Nilidhani masikio yangu yamekosea.

Wakamjaribu na Sungi. Nyepesi. Wakamjaribu na wengine wawili. Nyepesi. Basi jambo liko kati yake na mimi. Ama yeye ananificha, ama mimi namficha. Hakuna hata mmoja aliyewaza la pili. Mtu wa miaka kumi na minne, bingwa wa fimbo, anayewafundisha wageni sheria hiyo hiyo. Nani awaze?

Akaanza kutua pale pale. Kwamba mwaka jana alilamba asali ya mzinga wangu. Kwamba hunicheka moyoni ninapohesabu mambo kwa vidole. Kwamba anapenda watu wanapomuulizia, na akaona mimi sipendi, na bado akapenda. Nikajibu nimesikia, nimesikia, nimesikia. Kisha tukacheza. Nzito kuliko jana, bila shaka.

Ningeweza kusema. Nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka Mzee akatuambia tutawanyike.

Ijumaa, 19 Julai

Mzee ameamua. Mwenye mzigo wake hapewi mizigo ya watu. Mkumbo hatasikiliza mtu mpaka fimbo yake iwe nyepesi. Wanaokuja kwake wanaletwa kwangu.

Leo watano. Nimevaa shuka safi. Sitajidanganya humu kwenye daftari: nimefurahi mchana kutwa. Nimekula vizuri, nimelala mchana, kitu ambacho sifanyi.

Mama mmoja, mumewe amemwachia watoto akaenda machimboni, alimuulizia Mkumbo. Nikamwambia amepumzishwa. Akaketi nami. Nilikuwa bado sijafika la pili akaaga, akasema ameacha moto jikoni.

Jumatatu, 29 Julai

Mkumbo amekonda. Anakula nusu ya chakula, nusu anampa Sungi. Anazunguka majabali peke yake akijitafuta. Akiniona anasimama kunipisha njia, kama vile mimi ndiye niliyekosewa.

Asubuhi alinifuata kwenye mizinga. "Ndugu yangu, nisaidie. Nimekutafutia neno moyoni mpaka nimechoka. Wewe unaona nimekukosea wapi?"

Moshi ulikuwa unaniingia machoni. Nikasema, "Endelea kutafuta."

Akashukuru. Alinishukuru kweli, kwa mikono miwili.

Niliwahi kumvunja mtu mguu, mwizi wa ng'ombe, nikiwa na miaka ishirini. Lile halikuwa baya kama hili. Naandika nikijua hivyo, na kesho nitasema tena sina kitu.

Alhamisi, 8 Agosti

Amepata.

Amesimama Jiwe Bapa, midomo imekauka, akaongea. Siku anapokelewa hapa aliapa kama sote tunavyoapa, kwamba hana mzazi anayemtegemea. Alisema mama yake amefariki. Hakufariki. Yuko Ulemo, peke yake, macho yameanza kufunga. Alimtoroka kwa sababu alichoka, akasikia habari za majabali, akatamani kuwa mtu mwingine.

Kisha akanigeukia mimi. "Ndugu Ntandu, wewe ulimzika mama yako kwa mikono yako ndipo ukaja. Ulisimulia siku moja tukivuna. Tangu siku hiyo nakuonea wivu. Uliingia hapa bila uongo. Nadhani ndicho nilichokuwa nakuficha."

Wivu. Yeye, kwangu mimi.

Nikasema nimesikia, na sauti haikuwa yangu. Kama tungecheza pale pale fimbo ingekuwa nzito na mambo yangekwisha, yeye hana kitu tena, aliyebaki ni mimi. Niliomba moyoni tusicheze. Tusicheze. Mzee akasema hakuna fimbo leo, neno hili ni kubwa kuliko fimbo. Sheria ni sheria. Mkumbo arudi kwa mama yake.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimembebea furushi lake mpaka barabarani. Nilijitolea mwenyewe. Njia nzima hakuonekana mwenye huzuni, alionekana mwenye usingizi. Basi la Singida Mjini lilikuja limejaa, akapandia nyuma. Akanipungia mkono. Nikapunga.

Nikarudi nikipanda mlima haraka, bila kuhema.

Jumapili, 25 Agosti

Fimbo yangu nyepesi kama ufito. Na Sungi, na wengine wote. Kila mtu anasema unaona, kumbe kweli alikuwa Mkumbo. Nami nasema, naam, ndivyo ilivyokuwa.

Nimejitengenezea hoja nzuri. Mkumbo alikuwa na uongo kweli. Bila uzito ule asingeutafuta. Asingeutafuta, mama yake angepofuka peke yake. Kwa hiyo wivu wangu umemrudishia mama mtoto. Nimeigeuza hoja hii kila upande, haina tundu. Ila kila nikiimaliza najikuta naianza upya.

Mzee ametangaza. Mimi. Katikati ya Septemba.

Hakunitazama alipotangaza. Labda jua.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika kwa shida.

Desturi ni kwamba anayepokea kigoda anacheza na anayekiacha. Mapigo matatu tu, ya heshima. Watu wa kijiji walipanda wengi, katibu naye alikuwepo, akina mama na vigelegele. Mzee alisimama bila mkongojo. Akatua yeye kwanza. Akasema, "Ntandu, nilikuwa mchache wa maneno kwako kwa sababu nilikuona huhitaji. Nilikosea." Nikasema nimesikia.

Zamu yangu. Nikasema sina kitu. Naapa niliamini ni kweli.

Fimbo ikazama mkononi kama mtu ameivuta kutoka chini ya jiwe. Haijawahi kuwa hivyo, hata kwa Mkumbo. Kwa sababu ninacho juu yake. Alicheka na Mkumbo njiani. Alimpa mkono wake. Miaka kumi na minne nimemtumikia mzee huyu na nilitaka anipende zaidi ya wote, na hakunipenda zaidi ya wote, na sikumsamehe.

Ningeiacha ianguke. Mgeni wa mwezi wa kwanza angeiacha. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mikono yangu imezoea. Nikainyanyua. Nikaishusha.

Mzee alikinga. Kifundo cha mkono wake kilivunjika, nilikisikia. Fimbo ikapita ikamega jiwe, kipande kikubwa kama kiganja.

Vigelegele vikakatika. Mzee hakupiga kelele. Alinitazama muda mrefu, akaelewa yote, ya leo na ya Mkumbo, niliona anavyoelewa. Kisha akasema, "Nimesikia."

Hakuna aliyekuwa amesema neno.

Akawageukia watu akawaambia ni uzee, fimbo imemteleza. Kwa mkono mzima akanionyesha kigoda. "Kaa."

Nimekaa.

Jumatatu, 23 Septemba

Mganga wa zahanati amemfunga Mzee mkono. Haulingani tena. Kila asubuhi namwambia shikamoo, ananijibu marahaba kama kawaida, ananiuliza nimelalaje. Angenitukana ningepumua.

Leo wamekuja majirani wawili wa mstari wa tatu, wanaume wazima, wanagombea mpaka wa uani. Mmoja ni wa hapa hapa, mwingine amehamishwa na nyumba yake imebomolewa huko alikotoka. Waliongea zamu kwa zamu. Sikusikia kitu. Midomo ilikuwa inacheza tu. Masikioni mwangu mlikuwa na jiwe linalomegeka. Nikawapa la kwanza, la pili, la tatu. Wakaitikia kwa adabu, wakashuka.

Jioni wamepigana kwa mipini ya majembe. Aliyehamishwa kashonwa kichwa. Mke wake amesimama chini ya mlima akatazama huku juu. Hakupanda. Ametazama tu, kisha akaenda zake.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimemwendea Mzee baada ya uji. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno mengi.

Akanizuia. "Mimi umeshaniambia, siku ile. Mwenye neno lake yuko Ulemo."

Nikasema niandike barua. Akauliza tangu lini kutua kunafanyika kwa barua.

Nimewaita ndugu Jiwe Bapa nikawaambia wote. Nilidanganya tangu Juni. Uzito ulikuwa wangu. Mkumbo hakuwa na kitu. Mmoja alitema mate. Sungi alilia kama mtoto, akaniuliza kwa nini, na nikamjibu ukweli: kwa sababu wanampenda. Hakuna maneno mengine.

Nimeshuka kwenye kigoda. Wamemweka Sungi akalie kwa sasa. Sungi anayeanguka. Nimemwonea wivu hata Sungi, nikamwambia pale pale. Akasema nimesikia, akajifuta kamasi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Singida Mjini. Vumbi, upepo wa ziwani, watu kwenye foleni ya unga wa njano. Nimenunua kanga na sukari kwa Mhindi wa dukani, za kumpelekea mama yake Mkumbo. Kisha nikaona haya. Sukari haifidii. Nimezibeba hivyo hivyo.

Kesho kuna lori la kwenda Iramba. Naogopa. Nimeshakutana na watu wenye mapanga na sikuogopa hivi.

Jumapili, 6 Oktoba

Ulemo.

Nimemkuta anabomoa nyumba. Tembe ya mama yake iko mbali, wameamriwa kuhamia kijijini kabla ya mvua, anang'oa nguzo moja moja akazisimike upya huko. Mama ameketi kivulini na kikapu cha vyombo, anasikiliza nyumba yake ikishuka.

Nilimwamkia mama. Nikasimama mbele ya Mkumbo. Nikasema, "Ndugu Mkumbo, nina kitu juu yako. Nilikuwa nacho tangu mwanzo." Nikamwambia yote, Mzee na mkono wake, siku ile ya mizinga, "endelea kutafuta", furushi barabarani. Ilichukua muda. Alikuwa ameshika nguzo, hakuiweka chini.

Akasema nimesikia.

Kisha akasema, na hili halimo kwenye sheria, "Miezi mitatu nilijiona nimeoza. Nilikuwa nanusa mikono yangu."

Akaibeba nguzo akaondoka nayo. Hakunifukuza. Hakunikaribisha. Mama ndiye aliyenipa maji, akauliza mgeni ni wa wapi, nikasema wa Mungaa, akasema poleni na njaa.

Nilikaa juu ya furushi langu mpaka jua likageuka. Halafu nikaenda kwenye nyumba, nikachagua nguzo nene kuliko zote, nikaiweka begani, nikamfuata. Ilikuwa na uzito wa mti tu.

Jumatano, 27 Novemba

Manyunyu ya kwanza leo. Udongo umenukia.

Nyumba imesimama. Paa letu linavuja pembeni, kosa langu, nilipiga udongo mwepesi. Tumelima kipande cha uwele nyuma ya mstari wa pili. Mkumbo ananisemesha habari za kazi, na wiki hii mara mbili tatu habari zisizo za kazi. Nilimwambia Mzee atampokea hata kesho, wote watampokea. Akasema mama hawezi kupanda majabali. Basi. Sijauliza tena. Mzee ameleta salamu kwa mtu wa lori, anatupa pole sote wawili. Sungi bado anakalia kigoda na inasemekana watu wanampenda.

Jioni wanakuja kwa Mkumbo hapa pia. Wanaketi kwenye tofali, wanaongea, yeye anachambua choroko. Mimi namenya viazi upande wa pili wa ukuta. Nasikia kila neno na nyumba nzima ya moyo wangu inawaka, nasema ukweli. Wakiondoka naenda namwambia. Anasema nimesikia, ananiambia niongeze kuni.

Leo mama alichinja jogoo kwa ajili ya mvua. Ugali wa mtama, mlenda, nyama. Akagawa kwa kupapasa. Paja likaenda kwa Mkumbo, na firigisi, na shingo. Kwangu bawa. Ni mtoto wake, ni haki yake, na mimi mtu mzima mwenye mvi nikalitazama paja lile nikaumia. Nikamwambia Mkumbo hapo hapo, kabla sijanawa.

Alicheka mpaka akakohoa. Sijawahi kumsikia akicheka tangu nimefika. Mama akauliza kuna nini, na Mkumbo akamweleza yote, la paja na la nyuma yake, kwa Kinyiramba, polepole. Nilijua wapi amefika kwa jinsi mama alivyokuwa anageuza uso kunitafuta.

Mama alinyoosha mkono akapapasa bakuli la mwanawe, akalichukua paja, akaliweka kwangu.

Nimelila lote.